Mita ya LUKU Inapokataa Tarakimu: Namna ya Kubadili Mpangilio Wake

Na Mwandishi Wetu, Rungwe

Mita ya LUKU ambayo haikubadilishiwa mpangilio wakati wa maboresho yaliyofikia ukomo tarehe 24 Novemba, 2024 haiwezi kupokea umeme unaonunuliwa sasa, hata kama malipo yamekamilika na tarakimu zimeingizwa kwa usahihi. Wamiliki wa nyumba zilizofungwa kwa muda mrefu, vibanda vya biashara vya msimu na vyumba vya kupangisha visivyo na wakazi wanapaswa kulifahamu jambo hili kabla ya kuamini kuwa mita zao zimeharibika.

Suala hili linazihusu kwa namna ya pekee kata za vijijini kama Isongole, Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Kata hiyo ipo kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tukuyu na Kyela, katika ukanda wa baridi unaosifika kwa kilimo cha viazi mviringo. Katika maeneo ya aina hiyo, mwenyeji anayefanya kazi mjini huweza kuiacha nyumba yake miezi mingi na kuifungua tu wakati wa sikukuu, mavuno au msiba. Siku hiyo ndiyo hugundua kuwa mita inakataa tarakimu, huku wageni wakiwa wamekwisha kufika.

Mita hupokeaje amri?

LUKU ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Ingawa wengi huiona kama kisanduku cha kuhesabia uniti, mita hii ni kompyuta ndogo isiyo na picha wala orodha ya kuchagulia. Mtumiaji huiamuru kwa njia moja: kuandika tarakimu 20 kwa kutumia vitufe vyake, au vya kile kifaa cha ndani ambacho wengi hukiita rimoti, kisha kuthibitisha.

Tarakimu hizo 20, ambazo kwa pamoja huitwa tokeni, ni ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wa siri wa mita husika. Ndiyo sababu tokeni ya jirani haifanyi kazi kwako. Mita inapoufungua ujumbe, husoma kwanza aina ya amri iliyomo. Amri nyingine husema, “ongeza uniti kadhaa.” Nyingine husema, “badili mpangilio wako.” Kwa mtumiaji zote hufanana, kwa kuwa zote ni tarakimu 20, tofauti yake huonekana ndani ya mita pekee.

Kwa nini mabadiliko yalihitajika?

Mita hizi hufuata kiwango cha kimataifa kilichoanzia Afrika Kusini. Katika kiwango hicho, kila tokeni ya uniti hubeba muda ilipotengenezwa, unaohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari, 1993. Mita huhifadhi kumbukumbu ya muda huo ili tokeni moja isitumike mara mbili.

Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216 tu, ambazo ni pungufu kidogo ya miaka 32. Hesabu hiyo ilifika mwisho tarehe 24 Novemba, 2024. Tatizo hili lilizikabili nchi zote zinazotumia kiwango hicho, na halikutokana na ubovu wa mita wala wa nyaya za umeme.

Suluhisho lilikuwa kuiamuru kila mita ifute kumbukumbu ya tokeni za zamani na ianze hesabu mpya. Hata hivyo, kufuta kumbukumbu peke yake kungeruhusu tokeni zilizokwisha kutumika ziingizwe tena. Kwa sababu hiyo, ufunguo wa siri wa mita nao hubadilishwa kwa wakati huohuo. Ufunguo mpya hautoshi katika tokeni moja, hivyo hugawanywa katika tokeni mbili. Hii ndiyo sababu ya mteja kupokea makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadili mpangilio, na la tatu la uniti alizonunua.

Hatua za kufuata

Kwanza, tafuta tokeni yoyote ya zamani ambayo haijaingizwa, na uiingize kabla ya kubadili mpangilio. Baada ya ufunguo kubadilika, tokeni hiyo haitasomeka tena. Uniti ambazo tayari zimo ndani ya mita hazipotei.

Pili, hakikisha namba ya mita unayotumia kununua umeme ndiyo iliyoandikwa kwenye mita yenyewe. Kwa wanaotumia rimoti, hakikisha pia betri zake zina nguvu.

Tatu, ingiza kundi la kwanza la tarakimu na kuthibitisha, kisha la pili, kisha la tatu, kwa mpangilio uleule uliotumwa. Ukiingiza kundi moja tu kati ya mawili ya mwanzo, mita itakuwa imepata nusu ya ufunguo, na haitabadili chochote hadi nusu ya pili ifike.

Nne, mita ikikataa, linganisha tarakimu moja baada ya nyingine na ujumbe uliotumwa. Usibahatishe, kwa kuwa baadhi ya mita hujifunga kwa muda baada ya majaribio mengi yenye makosa.

Tano, ukipokea kundi moja tu na mita ikalikataa, huenda makundi mawili ya kubadili mpangilio yalikwisha kutumwa kwa mtu aliyenunua umeme kabla yako, kama vile mpangaji aliyehama au ndugu aliyekusaidia kulipa. Mwombe akutafutie ujumbe huo katika simu yake. Usipopatikana, wasiliana na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) kwa kupiga namba 180, au fika katika ofisi ya shirika ya wilaya ukiwa na namba ya mita yako.

Tahadhari

Tokeni za kubadili mpangilio hutolewa bila malipo. Mwananchi hapaswi kumlipa mtu yeyote anayedai kuuza “tarakimu za kufungua mita”. Tarakimu halali hutengenezwa na mfumo wa shirika pekee kwa ajili ya mita moja, na haziwezi kubuniwa na fundi wa mtaani. Aidha, kufungua kisanduku cha mita hakubadili mpangilio wake. Ni hatari kwa maisha na ni kosa kwa mujibu wa sheria.

Wenye nyumba zisizokaliwa wanashauriwa kutosubiri siku ya shughuli. Kununua kiasi kidogo cha umeme mapema na kukiingiza kutaonesha kama mita imekwisha kubadilishiwa mpangilio: ikipokea, kazi imekwisha, ikikataa, bado upo muda wa kupata msaada. Wazee na wengine wanaopata shida kusoma tarakimu wasaidiwe na ndugu au majirani wanaowaamini, na ujumbe wenye makundi yote matatu uhifadhiwe hadi mita itakapoonesha uniti mpya.