Nani Anajinyima Nyumbani Kwetu?

Wapendwa, neno sadaka tunalisikia kila Jumapili, lakini muhula ukianza ndipo tunalijua vizuri. Karo iko hapo, kodi ya chumba iko hapo, na pesa inatosha kimoja tu. Mama anapunguza mboga. Baba anatoka Nsambya mpaka Owino kwa mguu ili nauli ya teksi ibaki.

Sisi wa Kampala tuko na mfano wa karibu. Kule Katwe, Robert Katende, kijana aliyesomea uhandisi, alifanya kazi na huduma ya Kikristo ya michezo. Angeweza kukimbilia mshahara mnono. Yeye akabaki na watoto wa mtaa wa mabanda, akawafundisha chesi (ule mchezo wa mfalme na malkia ubaoni), na waliokuja walipata uji. Karibu mwaka 2005 akaingia Phiona Mutesi, binti aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa karo. Wengi wetu tungesema, mchezo utamlisha nani? Mwaka 2010 alicheza Olimpiadi ya chesi huko Urusi, 2012 akapata cheo Istanbul, 2017 akaenda chuo kikuu Marekani. Hiyo ni miaka kumi na miwili, si ya juzi na jana.

Sasa tuseme ukweli. Katika nyumba zetu nyingi, pesa ikipungua anayetolewa shule ni msichana. Alee mdogo wake, atembeze vitenge, kaka asome. Tunaiita sadaka ya familia. Lakini yeye hakujitoa, ametolewa! Bwana Yesu alitoa uhai wake mwenyewe, hakumsukuma mwingine mbele. Na Ibrahimu alipoinua kisu juu ya Isaka, Mungu alimzuia (Mwanzo 22). Mlimani alikufa kondoo, si mtoto.

Katika Luka 14 Yesu anasema mwenye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Basi nasi tuketi, watoto wakiwepo, na binti aulizwe. Soda ya baba ya kila jioni ni pesa ngapi kwa muhula? Michango ya harusi je? (Samahani akina mama, nywele pia zina hesabu.) Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto wetu haki sawa na mwananchi katika shule ya msingi. Mara nyingi kinachomtoa darasani ni sare na madaftari tu, na hiyo soda inaweza kuvilipa kabla muhula haujafika katikati.