Ute wa Yai Wapelekwa Mizanini

Mama apasuapo yai jikoni, ule ute wake una mlinzi ndani. Ni kimeng'enya kiitwacho laisozimu, kikatacho kuta za bakteria. Mwaka 1922 Alexander Fleming, ambaye baadaye, mwaka 1928, aligundua penisilini, alitangaza kwamba amekiona katika makamasi. Kimo hata katika machozi yetu.

Laisozimu ya yai la kuku ni mnyororo wa asidi amino 129, uliokunjamana kama uzi. Mwaka 1965 David Phillips na wenzake, huko London, walionyesha umbo lake kwa eksirei. Kazi ya kukata ilionekana kuwategemea wafanyakazi wawili tu: asidi ya 35 na ya 52. Phillips alieleza kwamba ile ya 52 haijifungi na sukari ya ukuta wa bakteria, bali huituliza kwa chaji ya umeme. Vitabu vikafundisha hivyo kwa zaidi ya miaka 30.

Mizani ndiyo iliyoleta jibu jingine. Spektrometa ya masi ni chombo kipimacho uzito wa molekuli. Hizo hupulizwa kama ukungu, hutiwa chaji, kisha huendeshwa kwa nguvu za umeme mahali pasipo hewa. Mwendo wake hufichua uzito. Mwenye duka akikuta gunia limezidi uzito wa asubuhi, hujua kwamba kitu kimeongezwa.

Taabu ni kwamba kimeng'enya hushika na kuachia upesi mno. Mwaka 2001 David Vocadlo, Stephen Withers na wenzao walibadili asidi ya 35, wakatumia sukari yenye florini, ili ishikwapo isiachiwe. Walipopima, laisozimu ilikuwa imeongezeka uzito wa sukari ile. Eksirei ikaonyesha kifungo chenyewe: kwenye asidi ya 52.

Vimeng'enya vingine hukatwa vipande kwa pepsini, ile imeng'enyayo nyama tumboni mwetu, na kila kipande hupimwa. Kilichozidi uzito ndicho chenye asidi itafutwayo.

Faida yake? Penisilini yenyewe huua kwa kujifunga kwenye asidi moja ya kimeng'enya kijengacho ukuta wa bakteria. Atungaye dawa bila kupajua mahali kama hapo ni sawa na fundi achongaye ufunguo asiloliona kufuli lake. Nasi walimu tukumbuke kwamba kitabu kikisahihishwa hakivunjiwi heshima.