Wenye Tiketi wa Portland na Jioni ya Maswali

Katika miji yenye timu za NBA kuna jioni ambayo mpira haudundi kabisa, na bado watu hutoka kazini mapema ili wawahi viti vya mbele. Wenye tiketi za msimu hualikwa ukumbini. Meneja mkuu hukaa jukwaani na kocha, pengine na mkuu wa biashara wa timu. Mtangazaji anayejulikana na wote huongoza mazungumzo. Na kwa muda wa saa moja hivi shabiki wa kawaida hupata nafasi ya kuwauliza ana kwa ana wale wanaoamua nani asajiliwe, nani auzwe na nani aachwe. Timu nyingi zina utaratibu huu. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini mtu mzima anaweza kukosa usingizi akitunga swali la nusu dakika, na aitazame Portland, Oregon.

Portland ina Trail Blazers, basi. Katika ligi nne zinazohesabiwa kuwa kubwa zaidi Marekani, yaani kikapu, besiboli, futiboli ya Kimarekani na hoki ya barafu, mji huo hauna timu nyingine. Blazers ilianzishwa mwaka 1970, na tarehe 5 Juni 1977 ikachukua ubingwa wake wa pekee mpaka leo. Bill Walton alikuwa chini ya kikapu, kocha Jack Ramsay benchi, na Philadelphia ilikuwa imeshinda mechi mbili za mwanzo za fainali kabla Portland haijashinda nne mfululizo. Tangu majira yale tiketi za mechi za nyumbani zikawa zinaisha zote, mechi baada ya mechi, mpaka zikafika 814 bila kukatika, kuanzia 1977 hadi 1995 timu ilipohamia ukumbi mpya. Memorial Coliseum, ukumbi wa zamani, ulikuwa na viti visivyofika 13,000. Watu walikuwa wengi kuliko viti, na tiketi ya msimu ikawa mali ya familia: baba alimwachia binti, shangazi akamwachia mpwa, na majirani wa viti wakajuana kwa misiba na harusi kuliko wanavyojuana majirani wa mtaa mmoja.

Kwa hiyo jioni ya maswali inapoitishwa, wanaoingia mlangoni hawaji kama wageni wa timu. Wengi wao waliikuta Blazers kabla meneja mkuu hajajua kudunda mpira.

Unaweza kuwasoma kwa jezi. Namba 32 ya Walton huvaliwa na wazee, wengine kwa kitambaa kilichopauka mpaka wekundu wake umekuwa kama wa matofali. Namba 22 ya Clyde Drexler ni ya waliokuwa vijana timu ilipofika fainali za 1990 na 1992, ikafungwa na Detroit kisha na Chicago. Namba 7 ya Brandon Roy ni jezi ya huzuni. Magoti yalimlazimisha Roy kutangaza kustaafu Desemba 2011, akiwa na miaka 27. Namba sifuri ya Damian Lillard iko kila safu. Mara chache huonekana namba 52 ya Greg Oden, na anayeivaa huulizwa na jirani yake kabla hata hajaketi. Kuchagua jezi ya jioni hiyo ni kutangaza umesimama upande gani wa historia.

Kisha kuna utaratibu wa kuuliza, ambao haukuandikwa popote lakini kila mtu anaufuata. Mfanyakazi wa timu hupita kati ya safu akiwa na maiki, na haiachi mkononi mwa muulizaji. Huishika mwenyewe, akiisogeza mdomoni mwa kila anayesimama, ili asije mtu akageuza swali kuwa hotuba. Shabiki husimama, hushukuru, kisha hutaja miaka yake: tangu lini ana tiketi, alirithi kwa nani, anakaa upande gani wa uwanja. Utambulisho huo ndio unaompa haki ya kusikilizwa. Baada ya hapo humwita kiongozi kwa jina lake la kwanza tu. Kwao hakuna Mheshimiwa Mwenyekiti wala Ndugu Katibu. Kuna Joe, kuna Neil, kutegemea meneja mkuu ni nani, na ukali wote wa swali hupita juu ya jina hilo fupi. Ukumbi nao una desturi zake. Swali zuri hupigiwa makofi kabla halijajibiwa. Mtu akizidisha maneno, minong'ono huanza nyuma yake, naye huielewa.

Watoto hupewa nafasi kwa makusudi. Mtoto huuliza kile ambacho mkubwa angeona haya kukiuliza, kama vile nani ndani ya timu hampendi nani, na hapo ndipo jukwaa hucheka kwa raha na kocha hujibu bila kupima kila neno.

Maswali ya Portland hayaanzi na msimu uliopita. Huanza 1984. Mwaka huo Blazers ilikuwa na nafasi ya pili kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua chipukizi, nafasi iliyoipata kutoka Indiana miaka mitatu nyuma kwa kumtoa Tom Owens. Houston ilimchukua kwanza Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Portland, iliyokuwa tayari na Drexler na Jim Paxson pembeni na haina mtu mrefu wa katikati, ikamchukua Sam Bowie, kijana ambaye mguu wake ulikwishavunjika chuoni. Aliyefuata, kwa Chicago, alikuwa Michael Jordan. Bowie alicheza mechi 139 tu kwa Portland. Mwaka 2007 timu ikapata nafasi ya kwanza kabisa, ikamchukua Greg Oden na kumwacha Kevin Durant. Oden alicheza Portland mechi 82 kwa jumla, idadi ambayo mchezaji mwenye afya huimaliza katika msimu mmoja.

Hakuna kiongozi wa sasa wa Blazers aliyemchagua Bowie. Hata hivyo shabiki anapouliza leo kuhusu ripoti za madaktari, kuhusu vipimo vya magoti ya chipukizi, kuhusu kama timu inachagua mchezaji bora au mchezaji wa nafasi iliyo wazi, 1984 imo ndani ya swali na kila mtu ukumbini anaisikia. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya jioni hii, na ndiyo sababu inastahili kuheshimiwa hata na wasiopenda kikapu. Mameneja hupita. Kevin Pritchard aliambiwa kwamba amefukuzwa saa moja hivi kabla ya drafti ya 2010, na bado akakaa mezani akaifanya kazi ya usiku ule mpaka mwisho. Rich Cho aliyemfuata hakumaliza hata mwaka. Neil Olshey alikaa kuanzia 2012 hadi alipoachishwa Desemba 2021, na kiti kikaenda kwa Joe Cronin. Kila anayeingia huja na washauri wake, takwimu zake na lugha yake mpya. Kumbukumbu ya makosa hubaki kwa waliokaa na tiketi zile zile miaka arobaini, na kwa jioni moja kumbukumbu hiyo hupewa maiki.

Kuna haki nyingine inayotendeka hapo. Bowie hakujichagua, wala Oden. Mchezaji hubeba lawama ya uamuzi uliofanywa na watu waliovaa suti, na hilo msomaji wa Tanzania analijua vizuri kupitia Hasheem Thabeet. Kijana huyo wa Dar es Salaam alichukuliwa wa pili na Memphis mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na tangu hapo jina lake linatajwa kila orodha ya drafti zilizokwenda kombo inapoandikwa, utadhani ni yeye aliyeshika kalamu. Kwenye jioni ya maswali anayekaa kiti cha kujibu ni mwenye kalamu.

Thabeet alipita Portland pia. Tarehe 15 Machi 2012 ilikuwa siku ya kubomoa: kocha Nate McMillan alifukuzwa, Marcus Camby akapelekwa Houston, na katika mabadilishano hayo Mtanzania huyo akaja Oregon, alikocheza mechi chache msimu ulipokuwa ukielekea ukingoni. Siku hiyo hiyo Gerald Wallace aliuzwa kwa Nets, na miongoni mwa vilivyorudi kulikuwa na nafasi ya drafti ambayo ilikuja kuwa ya sita. Miezi mitatu baadaye nafasi hiyo ilimleta Lillard kutoka chuo cha Weber State. Wenye tiketi wa Portland huikumbuka siku ile kila wanapoambiwa wavumilie. Inawapa hoja za pande zote mbili: kwamba kubomoa kunaweza kuzaa, na kwamba wakati timu inabomolewa hakuna anayejua kitakachozaliwa.

Majibu yenyewe mara nyingi huwa membamba. Si kwa sababu viongozi ni waongo. Kanuni za NBA zinakataza kurubuni mchezaji mwenye mkataba na timu nyingine, na hata sifa za hadharani zinaweza kuhesabiwa kuwa kurubuni. Mwaka 2018 Lakers ilitozwa faini ya dola 50,000 baada ya Magic Johnson kumsifu Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee katika mahojiano. Daryl Morey wa Philadelphia alitozwa kiasi hicho hicho mwaka 2020 kwa ujumbe wa mtandaoni uliomhusu James Harden. Mwaka 2019 ligi ilipandisha kikomo cha faini za aina hii hadi dola milioni 10 kwa timu. Basi shabiki anayesimama na kuuliza kama fulani wa timu fulani anakuja, anamwomba meneja ajibu kwa gharama hiyo.

Mashabiki wazoefu wamejifunza kuzunguka ukuta huo. Hawataji jina. Huuliza kuhusu urefu wa mikataba, kuhusu kikomo cha mishahara, kuhusu vikwazo vizito vilivyoletwa na makubaliano ya ligi na wachezaji ya 2023 kwa timu zinazolipa kupita kiasi, kisha husikiliza meneja ametua wapi na ameruka nini. Anayejibu kwa dakika tatu kuhusu chipukizi na kwa sentensi moja kuhusu mkongwe wa timu amekwishasema jambo. Wakitoka nje, maegeshoni, vikundi vya watu wanne watano husimama na kuyachambua majibu neno kwa neno mpaka walinzi waanze kuzima taa. Kwa wengi hiyo ndiyo sehemu tamu ya usiku.

Yako pia maswali yasiyohusu mchezo wenyewe, nayo huwa makali zaidi kwa sababu kanuni ya kurubuni haiwezi kumficha mtu. Kwa miaka mingi watu wa Oregon walilalamikia televisheni. Mkataba uliosainiwa 2007 na kampuni moja ya kebo uliwaacha nje wateja wa madishi, wakiwemo wakazi wa vijijini na mashambani, wasioweza kuvutiwa kebo hata wakitaka. Mji ulikuwa na timu moja, na sehemu kubwa ya jimbo haikuweza kuiona. Ni msimu wa 2024-25 tu ndipo mechi ziliporudi kwenye vituo vya kawaida vya antena, bila malipo. Malalamiko hayo hayakuwa ya bure.

Msomaji aliyezoea mikutano mikuu ya Simba au Yanga atauliza kura iko wapi. Haipo. Mwenye tiketi wa Portland hana kadi ya uanachama wala haki ya kumwondoa kiongozi. Katika ligi kubwa za Marekani ni Green Bay Packers ya futiboli pekee inayomilikiwa na wanahisa wa kawaida, wanaokutana kila mwaka uwanjani na kuchagua wakurugenzi wao. Kwingine kote timu ni ya tajiri. Blazers ilinunuliwa na Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, mwaka 1988. Alipofariki Oktoba 2018 ikabaki chini ya dada yake, Jody Allen, huku ikijulikana kwamba siku moja itauzwa.

Ndiyo maana katika miaka ya karibuni swali zito limeacha kuwa la drafti. Umbali wa kilomita 280 hivi kuelekea kaskazini, Seattle ilikuwa na SuperSonics kwa miaka 41, ikiwa na ubingwa wa 1979 na mashabiki waliorithishana tiketi vile vile. Mwaka 2006 timu ikauzwa kwa wawekezaji kutoka Oklahoma, ukafuata ugomvi kuhusu ukumbi, na mwaka 2008 ikahamishiwa Oklahoma City. Watu wa Portland waliyaona hayo kwa macho yao. Mwaka 2024 jiji lao lilikubali kuuchukua ukumbi wa Moda Center, na mkataba wa upangaji ukasogezwa hadi 2030. Mwaka 2025 Lillard alirudi kutoka Milwaukee akiwa bado anauguza kano ya kisigino, na jezi za sifuri zikatoka kabatini. Mwaka huo huo yakatangazwa makubaliano ya kuiuza timu kwa kundi la Tom Dundon, tajiri wa Texas anayemiliki timu ya hoki ya Carolina Hurricanes.

Wenye tiketi sasa wanajua vifungu vya upangaji jinsi walivyokuwa wakijua takwimu za Drexler. Wanauliza ukarabati wa ukumbi utalipwa na nani, jiji litadai nini ili lichangie, na baada ya 2030 timu itafungwa na masharti gani. Kwa swali hilo meneja mkuu hana jibu, maana si lake kulitoa, naye husema hivyo. Wanaomba basi mmiliki mpya wa timu aje akae kwenye kiti kile mwenyewe.