Mtungi wa Mzamiaji na Hatari ya Oksijeni

Mtungi wa mzamiaji huonekana zaidi katika mialo yetu siku za msiba, mtumbwi unapozama na askari wa kikosi cha majini wanapoingia ziwani kuwatafuta waliopotea. Watu hukusanyika ufukoni, na aghalabu husikika wakisema kwamba askari amejitwika “mtungi wa oksijeni”. Jina hilo limezoeleka, lakini si sahihi, na mwenye kuliamini anaweza kuhatarisha maisha yake.

Kwa kawaida ndani ya mtungi huo mna hewa hii hii tuivutayo, iliyoshindiliwa kwa kompresa hadi presha ya baa 200 au zaidi. Oksijeni humo ni asilimia 21 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni naitrojeni. Oksijeni tupu ina tabia nyingine kabisa. Yenyewe haiwaki, lakini huuchochea moto kwa nguvu nyingi, hata grisi, mpira na vumbi la chuma vikaungua kwa ukali usiotarajiwa. Mafundi wa kuchomelea hufundishwa jambo hili mapema: mkono wenye grisi haugusi valvu ya oksijeni.

Sasa tuufikirie mtungi uliojazwa hewa kwa miaka kadhaa. Kompresa nyingi hulainishwa kwa mafuta, na chembe ndogo za mafuta hayo huweza kupenya vichujio na kutua kwenye kuta za ndani ya mtungi, zikajenga utando mwembamba usioonekana kwa macho. Mtu akiutia mtungi huo oksijeni, moto hauhitaji kiberiti. Gesi inayoingia kwa kasi katika nafasi finyu hushindiliwa ghafula na kupata joto, kama vile pampu ya baiskeli inavyopata joto mkononi. Joto hilo laweza kutosha kuwasha mafuta, na mtungi ukipasuka kwa presha hiyo, vipande vyake huruka kama vya bomu.

Tunaandika haya kwa sababu mitungi iliyokwisha kutumika huuzwa na kununuliwa, na bidhaa haiulizi mpaka uko wapi. Mwenye karakana aliyepungukiwa na mtungi, au mwenye zahanati anayetaka akiba ya oksijeni kwa wagonjwa wake, anaweza kushawishika na bei nafuu. Tunamsihi asifanye hivyo.

Mtungi wa mzamiaji waweza kuandaliwa kwa oksijeni, lakini kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa. Kwanza huitoa gesi yote polepole, mahali penye hewa ya kutosha, ndipo aifungue valvu. Kuifungua valvu ya mtungi wenye presha ni kujitafutia kifo. Huukagua ndani kwa taa akitafuta kutu na nyufa. Kisha huuosha kwa maji ya moto na sabuni maalumu isiyoacha masalia, huusuuza mara nyingi, na huukausha upesi kwa naitrojeni au hewa isiyo na mafuta, maana chuma chenye unyevu hushika kutu. Petroli na mafuta ya taa hayatumiki kamwe: huondoa uchafu na kuacha kuni mahali pake.

Baada ya hapo huja ukaguzi. Mafuta mengi hung’aa chini ya taa ya urujuanimno, ile ile wanayotumia wafanyabiashara kutambua noti bandia. Kwa kuwa si mafuta yote yang’aayo, fundi huyaangalia pia maji: penye usafi hutandaa sawasawa, penye mafuta hujikusanya matone matone, kama kila aoshaye vyombo ajuavyo. Valvu nayo hufunguliwa kipande kwa kipande na kusafishwa, mipira yake ya duara hubadilishwa kwa ile inayostahimili oksijeni, na kilainishi huwa cha aina maalumu. Wengi husahau valvu, ingawa ndimo gesi inamopita kwa kasi kubwa kuliko kwingineko.

Mtungi uliokamilika hubandikwa lebo yenye tarehe. Lakini ukijazwa hewa ya kompresa ya kawaida hata mara moja, lebo hiyo haina maana tena, na kazi yote huanza upya. Mnunuzi wa mtungi uliotumika hana njia ya kujua umepita wapi.

Tuwakumbushe pia vijana wanaozamia kwa kazi zao wenyewe kwamba oksijeni tupu haimpi mtu uwezo wa kwenda chini zaidi. Kupita mita 6 hivi, yaweza kumtia mzamiaji degedege ndani ya maji, naye akazama bila kupata nafasi ya kuomba msaada. Ziwa Victoria lina sehemu zenye kina cha takriban mita 80.

Mwananchi akikuta mtungi asioujua, ufukoni au katika vyuma chakavu, asiufungue, asiupige wala asiukate. Awaondoe watoto karibu nao, kisha amwarifu mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi kilicho jirani. Wala asiupakie kwenye bodaboda kutuletea. Askari watamfuata hapo alipo.