Tarakimu za Shule na Maana Yake kwa Mzazi

Kila muhula unapokwisha, mtoto asomaye katika shule ya msingi ya Serikali nchini Kenya huleta nyumbani karatasi ya maendeleo yake. Wazazi wengi huitazama mara moja, wakafurahi au wakagomba, kisha karatasi ikawekwa sandukuni. Lakini tarakimu hizo zina faida kubwa kwa mzazi ajuaye kuzisoma, na asiyejua huweza kudanganyika kwazo.

WASTANI WA SHULE

Tangu mwaka 1985 hadi mwaka 2023 watoto wa Kenya walifanya mtihani wa KCPE mwishoni mwa darasa la 8, nao katika miaka yake ya mwisho ulikuwa na alama 500. Shule zilipangwa kwa wastani wa alama za watoto wake, na iliyotangulia ilisifiwa kuwa shule bora. Lakini wastani huhesabu wale tu waliokaa katika chumba cha mtihani.

Tuseme kuna shule mbili, na kila moja ilikuwa na watoto 60 katika darasa la 7. Shule ya kwanza iliwaruhusu 40 tu kufanya mtihani mwaka uliofuata, ikapata wastani wa alama 300. Shule ya pili iliwaandikisha wote 60, ikapata 270. Ya kwanza yaonekana kushinda. Lakini kama wale 20 walioachwa wangalifanya mtihani, na kila mmoja akapata alama 200, wastani wa shule ile ungaliteremka hadi kama 267. Basi ushindi wake haukutokana na mafundisho mema, bali na watoto waliozuiwa mlangoni. Mwaka 2014 Serikali iliamuru shule zisipangwe tena kwa namna hiyo matokeo yatangazwapo.

Kwa hiyo mzazi anayeonyeshwa wastani na aulize kwanza: ni watoto wangapi walioanza darasa, na ni wangapi waliohesabiwa?

IDADI YA WATOTO NA WALIMU

Mnamo Januari 2003 karo ya shule za msingi za Serikali iliondolewa, na idadi ya watoto shuleni ikapanda kutoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2. Watoto waliokuwa wakichunga mifugo au wakikaa nyumbani kwa ukosefu wa fedha waliingia darasani. Lakini walimu na vyumba havikuongezeka kwa kadiri hiyo, na katika mahali pengi mwalimu mmoja alijikuta mbele ya umati wa watoto. Shule ambayo alama zake zilishuka baadaye pengine haikuharibika; huenda ilifungua mlango kwa wale ambao zamani hawakuhesabiwa kabisa.

Mzazi asitosheke na jumla ya walimu wa shule nzima. Na aulize katika darasa la mtoto wake kuna watoto wangapi kwa mwalimu mmoja, na wangapi kwa kitabu kimoja.

KUWAPO DARASANI SI KUJUA

Tangu mwaka 2009 watu wa kujitolea wa shirika la Uwezo walikwenda nyumba kwa nyumba, wakawapima watoto wenye umri wa miaka 6 hadi 16 kwa hadithi fupi na hesabu za kiasi cha darasa la 2. Taarifa zao za miaka iliyofuata zilionyesha kwamba, kati ya watoto 10 wa darasa la 3, kama 3 tu ndio walioweza kazi hiyo. Watoto walikuwa wamehesabiwa katika rejista na kupandishwa darasa, na huku kusoma hawajui.

Kipimo hiki hakihitaji fedha. Mzazi ampe mtoto wake kitabu cha darasa la chini ya lake, amwambie asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha aeleze alichosoma. Mzazi asiyejua kusoma amwombe jirani amsaidie.

KARATASI YA SIKU HIZI

Katika mtaala wa umilisi mtoto hupewa daraja nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Daraja hizi hazisemi mtoto ni wa ngapi darasani. Zasema ameweza kazi gani. Anayekaribia bado hajafika, wala daraja ya mwisho si tusi. Ni habari kwamba mtoto ahitaji msaada mapema.

Mtihani wa KPSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2022 mwishoni mwa gredi ya 6, haumzuii mtoto kuendelea na gredi ya 7. Hata hivyo haupotei bure. Watoto wa kwanza wa mtaala huu walipomaliza gredi ya 9 mwaka 2025, nafasi zao katika sekondari pevu zilipimwa hivi: asilimia 20 kutoka mtihani wa gredi ya 6, asilimia 20 kutoka kazi walizopimwa shuleni katika gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kutoka mtihani wa gredi ya 9. Mzazi angojaye mwaka wa mwisho ndipo aanze kuuliza, amekwisha kupoteza sehemu ya safari.

HAKI YA KUULIZA

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imewapa wazazi na watu wa mahali penye shule wajumbe 6 wa kuchaguliwa katika halmashauri ya usimamizi. Wajumbe hao waweza kuulizwa mkutanoni juu ya mahudhurio, walimu na vitabu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Naye mzazi mmoja mmoja na aende kwa mwalimu wa darasa akiwa na karatasi ya muhula huu na ya muhula uliopita, aziweke pamoja, kisha aulize jambo lipi mtoto hakuliweza zamani na sasa aliweza. Jibu la swali hilo lina faida kuliko wastani wa shule nzima.