Walikale: Visahani vya majivu vya zamani vinawafunza nini watu wa Mubi?

Katika kituo cha biashara cha Mubi, eneo la Walikale mkoani Kivu Kaskazini, mawe ya kasiterite huuzwa kwa kilo. Yakisha kuondoka, huyeyushwa nchi za mbali yakawa bati. Karne moja iliyopita, kiwanda cha Kayserzinn nchini Ujerumani kilitumia bati kutengeneza vyombo vya mezani, vikiwemo visahani vya majivu ya sigara, maarufu kwa wengi kama sandriye. Leo wakusanyaji wa vitu vya kale hawaulizi kisahani cha aina hiyo kina uzito gani. Huuliza kimetengenezwa na nani.

Sigara zatoka mezani, visahani vyabaki

Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na Ufaransa ikapiga marufuku sigara ndani ya mikahawa tangu Januari 2008. Visahani vingi vilibaki bila kazi, lakini si vyote vilitupwa. Baadhi ya watu huvisafisha na kuvipamba sebuleni: kimoja kwa funguo karibu na mlango, kingine kwa pete na hereni, kingine juu ya rundo la vitabu bila kuwekwa kitu.

Vinavyotafutwa zaidi ni vile vya wabunifu wenye majina. Marianne Brandt alibuni chake mwaka 1924 katika karakana ya chuma ya shule ya Bauhaus, Ujerumani. Mwaka 1957 Bruno Munari wa Italia alibuni mchemraba unaoficha majivu ndani. Mwaka 1967 shirika la ndege la Air India lilimwomba mchoraji Salvador Dalí abuni kisahani cha kuwapa abiria wake. Malipo aliyoyataka yalikuwa ndovu mchanga, naye akaletewa kutoka India hadi Uhispania.

Kisahani hicho cha Dalí si cha dhahabu, ni cha kauri. Thamani yake imetoka katika wazo na kazi ya mikono.

Malakiti ya Katanga

Congo nayo ina mfano wake. Huko Katanga, mafundi hukata jiwe la kijani la malakiti, ambalo ndani yake mna shaba, wakalisugua na kuling'arisha hadi likawa kisanduku, mkufu, sanamu ya mnyama au kisahani cha majivu. Wabelgiji waliofanya kazi Congo walirudi kwao na vitu hivyo, na leo huonekana katika minada ya Ubelgiji. Hapo kazi ya mwisho ilifanyika nchini, na jiwe liliondoka likiwa tayari ni pambo.

Anayekipata kisahani kama hicho akichunguze vizuri. Malakiti halisi ni baridi mkononi na ni nzito, na mistari yake ya kijani haijirudii kwa usawa kama ile ya plastiki. Ni jiwe laini linaloharibiwa na moto, ndimu na siki, hivyo lisizimiwe sigara. Kitambaa laini chenye unyevu kinatosha kulifuta. Fundi anayelikata avae barakoa na atumie maji, maana vumbi lake lina madhara. Cha bati nacho kisikaribie jiko la makaa, kwa sababu bati huyeyuka kwenye nyuzijoto 232 tu.

Mubi inauza jiwe tu

Kwa Mubi, jambo hili linahusu chakula cha kila siku. Kwa miaka mingi wabebaji walitembea msituni kutoka Bisie hadi Njingala wakiwa na mifuko ya kilo 50 mgongoni, na ndege ndogo zilitua juu ya lami huko Kilambo kuchukua mzigo hadi Goma. Mwaka 2024, mgodi wa kampuni ya Alphamin huko Bisie ulizalisha zaidi ya tani 17,000 za bati, lakini madini hayo husafirishwa kabla ya kuyeyushwa. Machi 2025, vita vilipofika Walikale, mgodi ulisimamisha kazi hadi Aprili.

Mtu anayeuza jiwe peke yake hana cha kuuza siku barabara inapofungwa. Hata hivyo, kuyeyusha bati si jambo geni nchini: wakati wa ukoloni, kazi hiyo ilifanyika Manono, Tanganyika.

Mubi haina karakana kama zile za Katanga, na bila usalama na umeme itakuwa vigumu kuwa nayo. Lakini mwenye kisahani cha zamani cha shaba, bati au malakiti nyumbani anaweza kuanza na jambo dogo: asikiuze kwa kilo kama chuma chakavu kabla ya kujua alichonacho.