Bomba la mgongoni: sumu ya viuatilifu hupita zaidi kwenye ngozi kuliko puani

Katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, kuanzia Tengeru na Usa River hadi Ngarenanyuki, bomba la kunyunyizia dawa linalobebwa mgongoni ni kifaa cha kawaida kama jembe. Nyanya, vitunguu na kabichi zinazofika katika Soko la Kilombero jijini Arusha hutegemea kazi hiyo, na si ajabu kumwona mpuliziaji aliyejifunga kitambaa puani huku mikono na miguu yake ikiwa wazi.

Kinga ya namna hiyo huacha wazi njia kuu ya sumu. Kwa mtumiaji wa bomba la mgongoni, sehemu kubwa ya kiuatilifu huingia mwilini kupitia ngozi, hasa ya mikono, na ya mgongo iwapo bomba linavuja. Hatari huwa kubwa zaidi kabla shamba halijaguswa, dawa inapomiminwa kutoka kwenye chupa. Kiuatilifu kinachohitaji mililita 40 kwa lita 20 za maji huwa kikali takribani mara 500 zaidi kikiwa bado hakijachanganywa. Kwa sababu hiyo, glovu za mpira zisizopitisha maji na miwani ya kinga huvaliwa kabla ya kufungua kizibo. Suruali nayo hushushwa juu ya buti, kwani ikichomekwa ndani matone hutiririkia mguuni.

Kizibo cha chupa si kipimo. Mabomba mengi hubeba lita 16, ilhali maelekezo ya vibandiko vingi hutolewa kwa lita 20. Mkulima aliyeelekezwa mililita 40 kwa lita 20 anapaswa kutia mililita 32 katika bomba la lita 16. Akitia 40, amezidisha kwa robo nzima. Ziada hiyo humwongezea gharama na kubakiza sumu kwenye mboga.

Bomba hujaribiwa kwanza kwa maji matupu. Likivuja kwenye kifuniko au kwenye maungio ya mpira, litengenezwe kabla ya kutiwa dawa. Tundu la kunyunyizia likiziba husafishwa kwa maji na mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo, kamwe lisipulizwe kwa mdomo. Asubuhi na jioni, upepo unapokuwa mdogo, ndiyo nyakati zinazofaa, na mpuliziaji hutembea kwa namna ambayo upepo unapeleka dawa mbali naye.

Suala la maji lina uzito wa pekee katika eneo hili. Mifereji ya asili inayoteremka kutoka mlimani humwagilia mashamba, hunywesha mifugo na katika baadhi ya kaya hutumika nyumbani. Anayesuuza bomba katika mfereji humpelekea sumu jirani aliye chini yake. Bomba lisuuzwe shambani, na maji yake yanyunyiziwe kwenye mazao yaleyale. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji hayo yamiminwe ndani ya bomba wakati wa kuchanganya, kisha itobolewe ili isije ikatumika kuwekea maji, maziwa au mafuta ya taa.

Kuhusu maziwa, ipo imani kwamba kuyanywa baada ya kupuliza huondoa sumu. Hayaiondoi. Anayeumwa kichwa, kutokwa jasho na mate kwa wingi, kuona ukungu au kutetemeka baada ya kazi hiyo avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, kisha apelekwe kituo cha afya pamoja na kibandiko cha dawa. Asilazimishwe kutapika.

Kibandiko hicho kina pia mstari wa rangi: nyekundu ni sumu kali zaidi, ikifuatwa na njano, bluu na kijani. Huonesha vilevile idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo hazipungui kwa sababu bei ya nyanya imepanda sokoni.

Usajili wa viuatilifu nchini husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na yenye makao makuu Ngaramtoni, Arusha. Dawa iliyofungashwa upya katika chupa isiyo na kibandiko isinunuliwe, hata ikiwa bei nafuu. Mkulima mwenye shaka amwone afisa ugani wa kata yake kabla ya kuichanganya.